Hedseti ya kufuta kelele kwa rubani anayetoka kwenye propela kwenda kwenye jeti: ipi inafaa?

Rubani_Lushi aliuliza:

Ndugu marubani na mafundi, ninawasalimu kutoka Lubumbashi.

Kwa miaka kadhaa nimeruka Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela, nikibeba mizigo na abiria wachache kwenye viwanja vya Katanga ambavyo vingi havina lami. Sasa nimekamilisha mafunzo ya jeti ya Airbus A320 na ninasubiri kuanza safari za kwanza pembeni ya kamanda mkufunzi. Ndani ya ndege zetu kuna hedseti za kampuni, lakini zinavaliwa na kila mtu, sponji zake zimepasuka, na maikrofoni zinanuka mate ya watu wengi. Ndiyo sababu nimeamua kununua ya kwangu mwenyewe.

Ninayo David Clark H10-13.4, ile ya kijani inayojulikana na kila rubani, ambayo haitumii umeme kupunguza kelele. Katika Caravan sijawahi kuilalamikia. Lakini katika simuleta, chumba cha kuigizia urukaji, ambako vipindi ni virefu na kelele ni ndogo, ilinibana utosini na kunigandamizia mikono ya miwani kichwani, hata nikawa ninaivua kila tunapopumzika.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya. Je, mfumo wa kufuta kelele kwa umeme, ambao wengi tunauita ANR, una faida katika jeti kama ilivyo katika ndege ya propela, au nitalipia kitu nisichokihitaji? Kati ya hedseti inayofunika sikio zima, ile inayokaa juu ya sikio, na ile inayoingia kwenye tundu la sikio, ipi inamfaa mtu anayevaa miwani? Na kuna ubaya gani kutumia hedifoni nzuri za muziki zilizofungwa maikrofoni ya pembeni, kama alivyonishauri mwenzangu tuliyesoma naye, kwa kuwa bei yake ni ndogo zaidi?

Uwezo wangu hauzidi dola 1,200. Hapa mjini sijapata duka ambako ningeweza kuzivaa na kuzijaribu. Itabidi niagize, na ndugu yangu aniletee kutoka Johannesburg, kwa hiyo kurudisha kitu kisichofaa itakuwa kazi kubwa.

KamandaMstaafu alijibu:

Mwanangu, hongera sana kwa hatua hiyo. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaotoka kwenye ndege ndogo huchagua hedseti kwa kufuata kelele ya ndege waliyoiacha.

Tuanze na kelele yenyewe. Propela ya Caravan yenye mapanga matatu, ikizunguka mara 1,900 kwa dakika, inaipiga hewa mara 95 kila sekunde. Huo ndio mngurumo mzito uliozoea kuusikia hadi kifuani. Kelele ya namna hiyo ndiyo ANR inaiweza barabara. Maikrofoni ndogo iliyo ndani ya kikombe cha hedseti huisikia kelele, sakiti hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na spika hulitoa wimbi hilo ili mawili hayo yafutane. Sauti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita tatu, kwa hiyo sakiti ina nafasi ya kuliwahi. Sauti ya hezi 4,000 ina wimbi la sentimita nane na kitu, na hapo ucheleweshaji mdogo sana unatosha kuharibu hesabu yote. Kwa sababu hiyo sauti nyembamba huzuiwa na sponji na ukuta wa kikombe, au na ncha ya silikoni iliyoziba tundu la sikio, wala umeme hauna msaada mkubwa hapo.

Sasa njoo kwenye A320. Injini ziko nyuma yako, mbali, chini ya mabawa, na ndani ya chumba cha marubani huzisikii sana baada ya kupaa. Unachokisikia ni upepo unaopita kwenye pua ya ndege na kwenye vioo vya mbele, hewa inayotoka kwenye matundu ya kiyoyozi, na feni zinazopoza vifaa vya elektroniki. Ni mvumo mpana, uliochanganya sauti nzito na nyembamba, na hauko sawa safari nzima. Unaposhuka kwa mwendo wa noti 300 (maili za baharini kwa saa) na zaidi, upepo unavuma kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote; ukishapunguza mwendo hadi noti 250 kabla ya kupita futi 10,000, chumba kinatulia kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako bila kupaza sauti. ANR itakuondolea ile sehemu nzito ya mvumo, na mwisho wa siku kichwa hakitakuwa kimechoka vile. Faida ipo, na mimi singerudi nyuma. Lakini ile tofauti kubwa uliyoisikia pengine ulipoazima hedseti ya namna hii ndani ya Caravan, usiitarajie hapa.

Ndiyo maana katika jeti ninaweka uzito na mawasiliano mbele ya nguvu ya kufuta kelele. Bose A30, ambayo inafunika sikio zima, ina uzito wa takriban gramu 400. Bose ProFlight Series 2, ambayo inaingia kwenye tundu la sikio kwa ncha laini za silikoni, haifiki hata gramu 150 ukiacha kebo. Kwenye safari ya saa mbili kwenda Kinshasa huenda usione tofauti. Kwenye siku ya kwenda, kurudi na kwenda tena, shingo yako itaiona. Nayo hiyo nyepesi ilitengenezwa kwa ajili ya chumba tulivu cha jeti, kwa hiyo usiipeleke kwenye Caravan ukategemea ikukinge sawasawa.

Kuhusu mawasiliano, utagundua haraka kwamba marubani wengi wa jeti huacha sikio moja wazi ili wamsikie mwenzao, kwa sababu mara nyingi wanazungumza mdomo kwa mdomo bila kupitia intakomu. Ukivaa hedseti inayofunika masikio yote mawili kwa nguvu, na intakomu haijawashwa, mwenzako anaweza kusema neno moja la maana na likakupita. Hiyo ProFlight ina njia ya kuruhusu sauti za nje ziingie: unaigonga kidogo kwa kidole pembeni ya sikio, nayo inamruhusu mwenzako asikike bila wewe kuvua kitu. David Clark nao wana DC PRO-X2, inayokaa juu ya sikio, nyepesi, na rahisi kusogezwa nyuma ya sikio moja. Mtu asiyependa kitu ndani ya sikio lake atapatana na hiyo.

Kumbuka pia utakachokuwa unakisikiliza. Juu ya nchi yetu utakuwa na redio zaidi ya moja masikioni kwa wakati mmoja: kituo cha Kinshasa kwenye moja, masafa ya 126.9 kwenye nyingine, ambako marubani barani Afrika hutangaziana nafasi zao. Na mara kwa mara HF, redio ya kuwasiliana mbali, pamoja na mikwaruzo yake. Kifaransa kinatoka huku, Kiingereza kinatoka kule. Ukisikia mtu anatangaza kwamba yuko kwenye njia yako akielekea kwako, unahitaji kuipata tarakimu ya mwinuko wake mara ya kwanza. Hapo ndipo pesa ya hedseti inapojilipa, zaidi ya starehe yoyote.

Jambo moja la usalama nisilotaka ulipite. Mwaka 2007 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliwakumbusha waendeshaji wa ndege kwamba hedseti inayofuta kelele ni lazima ipimwe katika mazingira yake halisi, ili ijulikane kama milio ya tahadhari bado inasikika. Katika A320 milio hiyo hutoka kwenye spika za chumba. Siku ya kwanza utakapokuwa na hedseti mpya, wakati wa jaribio la moto la injini kabla ya safari, ivae ukiwa umewasha ANR na usikilize kama mlio wa kurudiarudia unakufikia waziwazi. Kisha zima ANR na usikilize tena. Ni jambo la dakika moja, na linafanyika mkiwa bado mmeegesha.

FundiRedio_Luano alijibu:

Ndugu Rubani, maneno ya mzee kamanda ninayakubali yote. Mimi kazi yangu ni redio na elektroniki za ndege, kwa hiyo nitaongeza yale yanayowaleta marubani kwangu wakiwa na hedseti mpya mkononi isiyoingia popote.

Kabla hujachagua jina la hedseti, nenda kaangalie tundu. Caravan yako ina matundu mawili ya duara, moja la kusikilizia lenye kipenyo cha robo inchi, na jingine jembamba kidogo la maikrofoni. Boeing nyingi nazo zina hayo hayo. Lakini ndege nyingi za Airbus zina soketi moja ya XLR yenye pini tano, na hedseti yako ya kijani haitaingia humo bila kiunganishi cha katikati. Helikopta zina plagi yake moja ya aina nyingine kabisa. Vilevile kuna soketi ndogo ya pini sita, ambayo plagi yake husukumwa ndani hadi ijifunge, na ambayo huleta umeme wa ndege hadi kwenye hedseti ili betri zisihitajike. Usidhani kwamba kila A320 iko sawa na nyingine, hasa ndege ambazo zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla ya kufika kwetu. Omba ruhusa, ingia ndani, angalia pande zote mbili, piga picha ya soketi, ndipo uagize.

Viunganishi vya katikati vipo, na kwa dharura vinasaidia. Kwa kazi ya kila siku mimi sivipendi. Kinakuwa kipande kizito kinachoning'inia kwenye soketi, kinatikisika, na baada ya muda mguso unalegea. Rubani ataandika kwenye kitabu cha ndege kwamba redio ya pili inakatika, nasi tutaitoa redio, tutaipima, na kuirudisha ikiwa nzima, kumbe tatizo lilikuwa ni kile kiunganishi alichoondoka nacho kwenye begi lake.

Kuhusu hedifoni za muziki, nitasema waziwazi. Hedseti ya urubani hupimwa kwa kiwango kinachoitwa TSO-C139, na kule Ulaya ETSO-C139, ambacho kinagusa sauti, maikrofoni, na namna kifaa kinavyostahimili joto, mtikisiko na mwingiliano wa umeme. Nyingi za kampuni za ndege hudai alama hiyo katika vitabu vyao vya uendeshaji, kwa hiyo soma chako kabla ya kutumia hata dola moja. Hedifoni za muziki hazina alama hiyo, hata zikiwa nzuri kiasi gani nyumbani. Maikrofoni inayobandikwa pembeni huunganishwa kwa plagi ndogo ambayo mkono ukiipitia inachomoka, na betri inapoisha katikati ya mazungumzo na mnara wa kuongozea ndege hujui kitakachotokea: nyingine zinabaki na sauti dhaifu, nyingine zinanyamaza kabisa. Hedseti ya urubani iliyotengenezwa vizuri, umeme wake ukikatika, inapoteza ANR peke yake. Sauti ya redio inaendelea kupita.

Kuna pia hedseti za kijeshi zilizotumika, zinazouzwa kwa bei ndogo na zenye sura ya kuaminika. Nyingi zina maikrofoni ya aina tofauti na ukinzani mdogo sana wa umeme kwenye spika. Redio ya ndege ya kiraia hutarajia spika za takriban ohmu 300 hivi na hupeleka volti chache kwenye maikrofoni ili ifanye kazi. Ukiunganisha hizo mbili bila marekebisho, ama utasikia kwa shida, ama mnara hautakusikia kabisa.

Ukishaipata hedseti yako, jifunze kuiweka maikrofoni. Ninawaona marubani wazoefu wameiweka chini ya kidevu, kisha wanalalamika kwamba mnara unawaambia warudie. Maikrofoni ya kufuta kelele ina matundu mbele na nyuma. Kelele ya chumba huingia pande zote mbili kwa usawa na kujifuta, ilhali sauti yako, kwa kuwa iko karibu na upande mmoja, inabaki. Ukiisogeza mbali, sauti yako nayo inageuka kuwa kelele kama nyingine. Iweke pembeni ya midomo, milimita chache tu, upande wenye alama ukikuelekea, kwa kadiri ambayo ukitoa ulimi kidogo utaigusa. Pembeni ni bora kuliko katikati, ili pumzi isiipige. Kifuniko chake cha sponji usikitoe. Kikichakaa, nunua kingine.

Mwisho ni betri. Kwa soketi ya XLR, kwa kawaida utategemea betri mbili za AA. Zile za bei rahisi zinazouzwa kandokando ya soko la mtaa wa Kenya hapa mjini huisha upesi na nyingine humwaga maji yake ndani ya kisanduku, nayo chuma inaota kutu ya kijani. Nunua alkalaini nzuri, weka jozi moja ya akiba kwenye begi, na utoe betri ndani ya kisanduku unapokwenda likizo.

DadaRubani_Goma alijibu:

Ninamheshimu sana kamanda, na mengi aliyoyasema ndivyo yalivyo, lakini kuhusu hedseti ya ndani ya sikio nina maoni tofauti.

Mimi ninaruka ndege za aina mbili. Tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi Januari 2025, kazi zangu zimehamia huku kusini, na wiki moja ninaweza kuwa kwenye jeti ndogo ya kukodishwa, wiki nyingine kwenye ndege ya propela isiyo na utulivu wowote. Kwa mtu kama mimi hedseti nyepesi ya jeti haitoshi. Ninatumia inayofunika sikio zima, yenye viwango vitatu vya kufuta kelele: kwenye propela ninaweka cha juu, kwenye jeti ninashusha hadi cha chini ili nimsikie mwenzangu. Inapita dola 1,000, ila nimenunua moja badala ya mbili. Ndugu Rubani, kama kampuni yako inaweza kukurudisha kwenye Caravan msimu fulani, au kama unafundisha vijana siku zako za mapumziko, fikiria jambo hilo kwanza.

Jambo la pili ni masikio ya mtu mwenyewe. Ncha za silikoni huja kwa ukubwa tofauti, na mtu akichagua isiyomfaa, ama inavuja kelele, ama inauma baada ya saa moja. Masikio yangu hayazipendi, na nimejaribu ukubwa wote. Nawe huna duka la kujaribia. Hedseti ya kukaa juu ya sikio au ya kufunika sikio ina bahati zaidi ya kumkubali mtu yeyote.

Lakini kwa miwani, hapo ninakupa ushauri unaokwenda kinyume na ninachokivaa. Mkono wa miwani unapopita chini ya sponji unaacha upenyo, na katika upenyo huo kelele inaingia. Nunua fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka, kwa sababu ile minene ya plastiki inaharibu kazi yote ya hedseti ghali. Hedseti ya ndani ya sikio haina shida hii hata kidogo. Dada zetu wenye nywele za kusuka nao wajue kwamba fundo likikaa chini ya utepe wa kichwa linaiinua hedseti yote, na sponji inaachia chini ya sikio. Mimi huomba nisukwe kwa mistari inayolala.

Kuhusu bei, kuna pia Clarity Aloft, inayoziba sikio kwa sponji laini bila umeme wowote wala betri. Mahali ambapo betri nzuri ni shida, hiyo ni hoja. Sponji zake huchafuka na zinataka kubadilishwa, kwa hiyo agiza pakiti kadhaa pamoja nayo.

TabibuWaAnga alijibu:

Ninaomba kuongeza upande wa afya, kwa sababu mjadala umezungumzia kelele ya ndege na kusahau kelele nyingine, nayo ni redio yenyewe.

NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, inapendekeza kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo unagawanywa kwa mbili: desibeli 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili. Chumba cha marubani cha jeti ya kisasa mara nyingi kiko chini ya kiwango hicho, na marubani husema basi hakuna tatizo. Lakini ili redio isikike juu ya mvumo, rubani huongeza sauti. Akiacha sikio moja wazi, huiongeza zaidi kwenye lile lililofungwa. Kwa namna hiyo anaweza kujiletea kelele kubwa sikioni mwake ndani ya ndege iliyo tulivu. Faida kubwa ya kupunguza kelele, kwa mtazamo wangu, ni kwamba inakuruhusu kupunguza sauti ya redio. Ukinunua hedseti ya ANR na kuiacha redio pale pale ilipokuwa, hujalinda chochote.

Na kuna jambo ambalo marubani wengi hawalijui. Kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hupima usikivu kwenye hezi 500, 1,000, 2,000 na 3,000. Upungufu usizidi desibeli 35 kwenye tatu za kwanza, wala 50 kwenye 3,000. Kipimo hicho hufanyika angalau kila miaka mitano hadi umri wa miaka 40, kisha kila miaka miwili. Lakini madhara ya kelele kwa kawaida huanzia karibu na hezi 4,000, nje ya eneo hilo. Kwa hiyo rubani anaweza kufaulu mtihani wa cheti ilhali sikio limeanza kuharibika. Unapopimwa, mwombe daktari apime pia 4,000 na 6,000, na uhifadhi karatasi hiyo ili uilinganishe na ya miaka ijayo. Wewe, ndugu Rubani, uliyekaa miaka kwenye Caravan, fanya hivyo sasa, kabla ya kuanza jeti.

Kwa wanaotumia zinazoingia sikioni: zioshwe mara kwa mara, zikaushwe kabisa, wala zisiazimwe. Mwenye usaha au maumivu ya sikio asizivae hadi apone.

Rubani_Lushi alijibu:

Ninawashukuru sana, kamanda, fundi, dada na daktari. Nimepata ruhusa ya kuingia kwenye ndege mbili kati ya zile nitakazoruka, na zote mbili zina XLR ya pini tano pande zote. Kitabu chetu cha uendeshaji kinadai TSO, kwa hiyo habari ya hedifoni za muziki imekwisha. Caravan sitarudi, na ninaelekea kwenye ile nyepesi ya ndani ya sikio kwa sababu ya miwani, ila maneno ya dada kuhusu ukubwa wa ncha yamenitia wasiwasi.

Ninalo swali moja lililobaki. Barakoa ya oksijeni inavaliwa juu ya hedseti, au hedseti inavuliwa kwanza? Katika simuleta tulitumia za pale, na sikuwahi kujiuliza.

KamandaMstaafu alijibu:

Umeuliza swali zuri kuliko yote, mwanangu. Barakoa ya kuvaliwa haraka inatakiwa ikae usoni ndani ya sekunde tano, kwa mkono mmoja. Kamba zake hujaa hewa, hutanuka, zinapita juu ya kichwa, kisha zinabana. Hedseti kubwa yenye utepe mpana na mkono wa maikrofoni ulio mbele ya mdomo inaweza kuzuia njia, na miwani mipana vilevile. Utaratibu wa kuvua au kuacha unafuata kitabu chenu na mkufunzi wako, lakini jaribio ni lako. Omba kipindi cha mwisho cha simuleta kabla ya safari, uende na hedseti yako na miwani yako mwenyewe, uvute barakoa mara kadhaa, na baada ya kuivaa uhamishe maikrofoni kwenda kwenye barakoa uone kama bado unamsikia mwenzako. Hapo utaona kama mkono wa maikrofoni yako unaweza kusukumwa juu kwa pigo moja la kidole.

Na usiseme utaivaa unapotaka. Kiambatisho cha 6 cha ICAO kinawataka marubani walio kazini wawasiliane kwa maikrofoni iliyo kwenye mkono wa hedseti au ya koo wakiwa chini ya mwinuko wa mpito, ule ambao wakiupita hubadilisha mpangilio wa kipima mwinuko, kwa hiyo kila kupaa na kila kutua utakuwa nayo kichwani.

FundiRedio_Luano alijibu:

Kwa ncha za sikio, mwambie muuzaji akutumie ukubwa wote. Kwa kawaida zinakuja pamoja, nazo za akiba zinauzwa peke yake. Vaa kila ukubwa saa nzima ukiwa umekaa nyumbani kabla ya kuchagua, na usishangae sikio la kulia likitaka ukubwa tofauti na la kushoto.

Kwenye karatasi ya kuagizia, andika "XLR, pini tano" kwa herufi kubwa, na uchague ile isiyo na bluetooth kama kitabu chenu hakiruhusu simu kuunganishwa. Ndugu yako akiipokea kule Johannesburg, afungue boksi dukani, alinganishe plagi na picha uliyompelekea, na aangalie alama ya TSO pamoja na namba ya kifaa iliyo kwenye kisanduku cha betri. Ikifika, ilete karakana siku ambayo ndege imelala hapa. Tutaijaribu kwenye soketi zote mbili kabla hujaruka nayo.

Rubani_Lushi alijibu:

Nimeagiza leo, XLR ya pini tano, bila bluetooth, pamoja na ncha za akiba. Kipimo cha masikio ni Jumatatu, na nimeomba 4,000 na 6,000 ziandikwe.